Saizi ya Familia

Nilikuwa na miaka 25 nilipojua kwamba mama yangu amezaa watoto saba. Mpaka siku hiyo nilijua ni watano.

Nilijua kwa sababu ya kazi ya siku kumi. Mimi ni mhamasishaji wa vijana hapa kambini, napewa insentivi yangu kama wengine, na mara moja moja ikija savei ya kaya wanatafuta vijana waliomaliza sekondari, wenye mwandiko unaosomeka, wanaojua Kiswahili, Kirundi kidogo, na njia za vijiji vyote. Nikachukuliwa. Tulifundishwa siku tatu, chini ya feni ambayo haijawahi kuzunguka tangu niifahamu, na jioni ya siku ya pili tukaambiwa twende tukafanye mazoezi nyumbani.

Mama alikuwa mlangoni anachekecha unga wa mahindi. Nikamwambia, mama, jifanye hunijui, mimi ni mgeni nimekuja kukuuliza. Akacheka. “Uliza basi, mwalimu.”

“Mama, umezaa watoto wangapi?”

“Batano. Na weye si unabajua bote?”

Nikaandika 5. Halafu nikasoma lile swali la pili, ambalo mwezeshaji alituambia tusiliruke hata kama tumechoka: kuna mtoto mwingine yeyote aliyezaliwa akalia, au akapumua, hata kama alikaa dakika chache tu?

Mkono wa mama ukasimama juu ya chekeche. Nilidhani hakusikia, nikataka kurudia.

“Saba,” akasema. “Nilizala saba. Bawili balirudi.”

Mmoja alizaliwa kule Fizi, kabla ya vita ya 1996 kuwavusha Ziwa Tanganyika kuja Kigoma. Alikaa siku sita. Wa pili alizaliwa hapahapa kambini, katikati yangu mimi na mdogo wangu. Alizaliwa kabla ya kupambazuka, mchana hakuwepo. Mimi nilikuwa na miaka mitatu, nililala nyumba hiyohiyo, na hakuna mtu aliyewahi kuniambia kwamba niliwahi kuwa na mtu hapo katikati. Nikamuuliza kwa nini hakusema wakati nilipouliza mara ya kwanza.

“Uliniuliza batoto. Bale habakupata hata jina.”

Akaendelea kuchekecha. Mimi nikafuta ile 5.

Naandika haya kwa sababu baadaye nilifanya kosa katika savei hiyohiyo, nikiwa tayari nimeshajifunza kwa mama yangu mwenyewe, kwa hiyo siwezi kusema sikujua. Lakini kwanza nieleze namba yenyewe, maana wengi wetu tunaisikia kwenye mikutano na tunapiga makofi bila kujua imepikwaje.

Vifo vya watoto wachanga vinahesabiwa hivi: katika kila watoto 1,000 waliozaliwa hai, wangapi walikufa kabla ya kutimiza mwaka mmoja. Tanzania, nchi inayotupokea, ilifanya utafiti wake wa taifa mwaka 2022 ikapata 33. Kati ya hao 33, 24 walikufa ndani ya mwezi wa kwanza. Kongo kwetu, utafiti wa 2013-14 ulipata 58. Burundi, ule wa 2016-17, ulipata 47. Kwa hiyo mtu anaweza kusema kwamba mtoto aliyevuka ziwa ameshapunguziwa hatari, na si uongo. Mama zetu wenyewe wanasema hapa kuna chanjo, kuna wakunga, na hakuna risasi.

Angalia tena ile 24 kati ya 33. Hatari kubwa haiko kwenye mwaka mzima, iko mwanzoni kabisa. Duniani pote ni hivyo: mwaka 2022 vichanga kama milioni 2.3 walikufa kabla ya kufikisha siku 28, karibu nusu ya watoto wote waliokufa wakiwa chini ya miaka mitano. Wengi wanakufa kwa sababu walizaliwa kabla ya wakati, au hawakupumua vizuri wakati wa kuzaliwa, au walipata maambukizi. Na siku hizo za mwanzo ndizo ambazo mtoto bado hana jina, hana karatasi, na majirani hawajamwona.

Hapo ndipo hesabu inapovuja. Tuseme kuna mahali walizaliwa watoto 1,000 na wakafa 30. Sasa tuseme familia kumi hazikumtaja mtoto wao aliyekufa, hazikutaja kuzaliwa kwake wala kufa kwake. Kwenye karatasi watabaki waliozaliwa 990 na waliokufa 20. Namba inashuka kutoka 30 mpaka 20 na kidogo, na hakuna mtoto hata mmoja aliyeokolewa.

Sasa kosa langu.

Siku ya saba ya savei nilipangiwa kijiji cha mbali, kule mwisho walikowekwa watu wa 2015. Wasomaji wa hapa wanajua ninaposema watu wa 1996 na watu wa 2015. Kwa wageni, wa kwanza ni Wakongomani kama sisi, wa pili ni Warundi waliokuja baada ya matatizo ya mwaka huo. Hospitali na masoko vilijengwa wakati watu walikuwa huku kwetu. Vijiji vya kule viliongezwa baadaye, pale palipobaki nafasi. Kutoka nyumbani kwetu mpaka wodi ya wazazi natembea dakika kumi na tano, na nikiwa na haraka ni kumi. Kutoka kule ni zaidi ya saa moja ya miguu mizima, wakati wa kiangazi, mtu akiwa hana mimba.

Jua lilikuwa kali, nilikuwa nimebakiza kaya nne, na baiskeli ya kunirudisha ilikuwa inaondoka saa tisa. Kwenye kaya ya mwisho nilimkuta bibi mmoja ameketi nje ya nyumba ya shitingi, anachambua maharage. Nikamsalimia, nikaketi. Nikamuuliza ukubwa wa familia. Akaingia ndani akaniletea kadi ya mgao, kana kwamba nimemuuliza karatasi. Saizi 4. Tangu tarehe ile kuna aliyezaliwa? Akasema hakuna. Kuna aliyefariki? Hakuna. Ndani nilisikia mtu anakohoa kidogo, na bibi akasema ni mjukuu wake, anaumwa.

Sikuuliza lile swali la pili. Niliandika 0 na 0, nikamshukuru, nikakimbilia baiskeli.

Baada ya wiki mbili nilikuwa kwenye kazi yangu ya kawaida, kikundi cha wasichana. Tunakutana mara mbili kwa wiki, tunashona, tunaongea. Binti mmoja mpya aliletwa na rafiki yake. Ana miaka 17. Jina lake silitaji, na yeye mwenyewe ameniruhusu kuandika haya kwa sharti hilo. Alipoelezea anakokaa nikamuuliza, nyumba iliyo na mwembe mdogo, na bibi? Akasema, “Ndiyo, yaya. Hata siku ile ulikuja. Nilikuwa ndani.”

Alikuwa ndani kwa sababu alikuwa amezaa siku kumi na moja kabla ya mimi kufika, na mtoto alikuwa amekufa siku ya tatu.

Mambo yalikwenda hivi, kama alivyonihadithia yeye na baadaye bibi yake. Mimba aliificha mpaka mwezi wa sita kwa aibu, akaenda kliniki mara moja tu. Uchungu ulikuja mapema, mwezi wa nane, usiku, na mvua. Simu ya nyumba haikuwa na chaji. Walikuwa wanangoja asubuhi waipeleke kwa mtu mwenye sola. Jirani mwenye baiskeli alisema barabara imekuwa tope, hawezi kumbeba mwanamke mwenye uchungu gizani, akimwangusha je? Wakaamua kungoja kupambazuke. Mtoto hakungoja. Alizaliwa saa tisa usiku, mvulana, mdogo sana, lakini alilia. Bibi alimpokea kwa mikono yake, na kwa sababu alikuwa na damu, na kwa sababu ndivyo alivyofundishwa na mama yake, akamwosha palepale kwa maji, akamfunga kitenge, akamlaza kando ya mama yake.

Asubuhi mvua iliendelea. Mtoto alishika ziwa kidogo, akaachia, akalala. Walifurahi kwamba ni mtoto mtulivu. Siku ya pili hakunyonya, bibi akampa maji ya sukari kwa kijiko. Siku ya tatu walipoamua sasa tumpeleke, alikuwa baridi kama jiwe la mtoni. Maneno hayo ni ya bibi.

Mtoto mdogo akiwa mtulivu hivyo mara nyingi hajatulia, anapoa. Mwili wake hauna mafuta ya kutosha ya kujipasha moto, na akiogeshwa mapema joto linatoka haraka zaidi. Akipoa anachoka kunyonya, asiponyonya sukari ya mwili inashuka, ikishuka analala zaidi. Ndiyo maana wakunga siku hizi wanasema mtoto asiogeshwe mpaka zipite saa 24. Na ndiyo maana kuna ile njia ya kumweka mtoto kifuani, ngozi kwa ngozi, ambayo huku tunaiita kangaruu. Ilianza Bogotá, Kolombia, mwaka 1978, kwenye hospitali ambayo mashine za kupashia watoto joto hazikutosha. Wakagundua kifua cha mama ni mashine. Hakihitaji umeme, hakihitaji sola. Kingeweza kutumika kwenye ile nyumba ya shitingi usiku uleule, kama kuna mtu aliyekuwa amemwambia bibi.

Nasema hivi bila kumlaumu bibi. Alilea watoto na wajukuu katika nchi mbili.

Kilichonikaa kooni ni kitu kingine. Mwaka huohuo dada yangu mkubwa alizaa hapa karibu. Naye alizaa kabla ya wakati, mtoto wa kilo 1.8, na mimi nilipomwona nilisema kimoyomoyo huyu hatabaki. Lakini dada alifika wodini kwa miguu yake uchungu ulipoanza, nusu saa haikuisha. Mtoto akakaushwa, akawekwa kifuani, akavalishwa kofia na soksi ambazo mimi mwenyewe nilisukwa-sukwa sokoni kuzitafuta. Tulipokezana kumbeba kifuani, mpaka shemeji yangu alivua shati akambeba, watu wakamcheka, akasema chekeni tu. Leo mtoto huyo anakimbiza kuku wa jirani.

Kambi moja, mwaka mmoja, watoto wawili wadogo. Ukichukua namba ya kambi nzima unawachanganya wale wawili kwenye sufuria moja. Tuseme kijiji cha karibu wamezaliwa 100 akafa mmoja, na kijiji cha mbali wamezaliwa 100 wakafa watano. Kwa pamoja ni 6 kwa 200, yaani 30 kwa 1,000, namba inayofanana na ya nchi, na mkutanoni tutapiga makofi. Lakini kwa mama wa huku ni 10, na kwa mama wa kule ni 50. Ile 30 haikai nyumbani kwa mtu yeyote.

Na si umbali peke yake. Umri upo: mama aliye chini ya miaka 20 ana hatari zaidi ya kuzaa kabla ya wakati au kuzaa mtoto mwenye uzito mdogo. Chakula kipo: mgao ulipopunguzwa mwaka 2023 mpaka ukafika nusu, wajawazito walikula nusu pia, mwenye ndugu wa kumtumia hela alijaza pengo, asiye na ndugu hakujaza. Usiku upo. Binti yule alikuwa navyo vyote vinne.

Nilikwenda kwa msimamizi wa savei nikamwambia kwamba kaya fulani niliandika vibaya. Alinisikiliza vizuri, sitasema uongo. Akasema takwimu zimeshatumwa, na kwamba mmoja habadilishi kitu. Kwa hesabu labda yuko sawa. Lakini mimi nilijiuliza, kama mimi niliyetoka kusikia ya mama yangu niliruka swali kwa sababu ya baiskeli, wenzangu wengine wameruka mara ngapi? Na sote tulichoka mahali pamoja, kule mbali, mchana, kwenye kaya za mwisho. Kwa hiyo tunaowapoteza kwenye karatasi wanatoka kulekule wanakofia.

Nilirudi kwa bibi. Sikwenda na fomu, nilikwenda na sabuni kidogo, kama mtu anavyokwenda penye msiba. Nikamuuliza kwa nini siku ile alisema hakuna. Alinijibu bila kuona haya kwamba alikuwa na sababu tatu. Ya kwanza, mtoto wa siku tatu hawakumwekea matanga, wanawake wachache walimzika kimya, sasa angemtajaje kwa mtu asiyemjua? Ya pili, aliogopa kuulizwa kwa nini binti alizalia nyumbani. Ya tatu ni kadi. Nilimuuliza saizi, akanionyesha saizi, na mtoto hakuwepo kwenye saizi.

Hiyo ya tatu nimeifikiria sana. Hapa mtu ni kadi. Mtoto akizaliwa wodini anatoka na karatasi, karatasi hiyo inampeleka kwenye kadi, saizi inapanda. Aliyezaliwa nyumbani lazima kwanza abebwe akaonyeshwe. Akifa kabla ya hapo hajapandisha kitu wala hajashusha kitu. Na kuna upande wa pili wa kadi ambao hatupendi kuuongelea mbele ya wageni: akifa aliyeandikwa, saizi inashuka, na familia yenye njaa inaweza kukaa kimya kidogo. Sisemi hivi ili mtu aje atuhesabu upya alfajiri. Nasema ili ninyi mnaosoma ofisini mjue kwamba mnapotumia mtu anayeonekana kama mtu wa mgao kuuliza habari za vifo, mtajibiwa habari za mgao. Mwulizeni mama peke yake, aulizwe na mwanamke, kadi ibaki ndani.

Pale kwenye kikundi tulianza kitu kidogo. Tulinunua daftari la kurasa 96. Kila msichana anajua mimba zilizo karibu na kwao, na hizo mtu haandikiwi kwa kadi, zinaonekana kwa macho. Tunaandika mwezi unaotarajiwa. Mama akizaa, awe amezalia wodini au nyumbani, wawili wanakwenda kumwona siku ya kwanza, ya tatu na ya saba. Sisi si manesi. Tunaangalia tu mambo ambayo mtu yeyote anaweza kuangalia: ananyonya? ana joto miguuni? anapumua kwa haraka? kitovu kikavu, hakipakwi kitu? Likiwepo moja baya, hatubishani na mtu, tunamweka mtoto kifuani kwa mama na safari inaanza. Tumeongea pia na wenye baiskeli watatu wa kule, na mmoja wao ni yule jirani wa usiku wa mvua. Yeye ndiye aliyekuja mwenyewe. Na simu moja ya kikundi inalala na chaji, hiyo ni sheria.

Msiniulize tumeokoa wangapi. Ni daftari la kijiji kimoja na nusu, na nimeshaona namba inavyoweza kudanganya. Mmoja tumempoteza hata baada ya kumfikisha. Tumemwandika.

Kwenye ukurasa wa kwanza kabisa, kabla ya mimba zote, yule binti aliomba mtoto wake aandikwe. Nikamuuliza jina. Akafikiri, akasema bado hajaamua, niache nafasi. Nafasi ipo. Niliporudi nyumbani nikamweleza mama, naye akanyamaza kama kawaida yake, kisha wakati wa kula akauliza kama kwenye daftari hilo wanaandikwa watu wa kijiji kile tu. Nikasema ndiyo, na ni wa sasa, si wa zamani.

“Na pembeni habaandike?”

Nikamwambia pembeni panaandikika. Bado hajaniambia niandike nini.

Alhamisi tunakwenda kule tena. Kuna mimba mbili za mwezi wa tisa na moja ya mapacha, na mvua zimeshaanza, kwa hiyo tunatoka mapema.